Taka za Mji na Miembe ya Tabora

Mji wa Tabora unajulikana kote nchini kwa miembe yake, asali yake na shule zake. Katika hayo matatu, miembe ndiyo inayomlaki mgeni kwanza, kwa kuwa imetanda kando ya barabara, nyuani mwa nyumba na katika viwanja vya shule. Hata hivyo mwembe si mti wa asili ya Afrika. Chimbuko lake ni Bara Hindi na nchi jirani, na ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari kabla ya kupenya bara.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipitia Mpwapwa ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo iliendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika Kazeh, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Livingstone naye alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, mpaka Agosti 1872. Hatupaswi kusahau kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na pia ilipitisha watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya mahali inapopendekeza kwa UNESCO pawe urithi wa dunia.

Miembe mingi ya kando ya njia hiyo ilipandwa kwa makusudi. Mingine, wazee husimulia, iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi walipopumzika. Vyovyote iwavyo, simulizi hiyo ina somo la kisayansi. Kokwa ya embe mkononi mwa mlaji ni taka. Ikiangukia udongo unaofaa, ni mti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi halmashauri ya mji, pamoja na wananchi na shule zake, inavyoweza kufanya kwa mpango kile ambacho zamani kilitokea kwa bahati.

Safari ya upande mmoja

Kila siku chakula huingia mjini kutoka vijijini: mahindi, mihogo, viazi vitamu, mpunga, karanga, mboga na matunda. Ndani ya chakula hicho mna naitrojeni, fosforasi na potasi ambazo mimea ilizifyonza ardhini. Udongo wa Unyamwezi kwa sehemu kubwa ni wa kichanga. Udongo wa namna hiyo hulimika kwa urahisi, lakini hauhifadhi maji kwa muda mrefu, wala haushikilii virutubisho vyake. Mvua za Novemba mpaka Aprili huviosha na kuvipeleka chini, mahali ambapo mizizi haifiki.

Baada ya mlo, maganda na mabaki hutupwa. Kwa desturi ya miji yetu mingi, hukusanywa katika ghuba, kisha hupelekwa jaani au huchomwa moto papo hapo. Yakizikwa kwa wingi mahali pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani. Yakichomwa pamoja na plastiki, moshi wake hubeba sumu zidhuruzo mapafu na damu. Katika hali zote mbili, rutuba iliyotoka shambani hairudi shambani. Ni safari ya kwenda isiyo na marejeo.

Je, kiasi chake ni kikubwa? Tufanye hesabu ya makadirio. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba idadi hiyo imevuka 300,000. Tuchukue kwamba kila mtu hutupa nusu kilo kwa siku. Watu 300,000 watatupa kilo 150,000, yaani tani 150. Ikiwa sehemu sita katika kumi za taka hizo ni mabaki ya mimea na chakula, tunapata tani 90 zinazoweza kuozeshwa. Katika kuoza, karibu nusu ya uzito hupotea kama mvuke na hewa ya ukaa. Zitabaki tani 45 hivi za mboji kwa siku. Viwango tulivyochukua ni vya mfano tu. Wanafunzi watafanya vyema kuvipima wenyewe, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kazi inayofanyika ndani ya lundo

Mboji hutengenezwa na bakteria, kuvu na wadudu wadogo. Kazi ya binadamu ni kuwawekea viumbe hao mazingira yanayofaa, nayo yana mambo matatu.

La kwanza ni chakula chenye uwiano. Viumbe hao huhitaji kaboni ili kupata nguvu, na naitrojeni ili kujenga miili yao. Uwiano ufaao ni sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki mabichi ya mboga yana naitrojeni nyingi; majani makavu, mabua na pumba za mpunga yana kaboni nyingi. Unga wa mbao una kaboni kupita kiasi, hivyo utiwe kidogo tu. Lundo la mboga peke yake hunuka, na lundo la majani makavu peke yake hukaa miezi mingi bila kubadilika.

La pili ni maji. Lundo liwe na unyevu wa nusu ya uzito wake au zaidi kidogo. Ukilifumbata gumba moja na kulikamua, yapasa yatoke matone machache tu. La tatu ni hewa. Lundo lisipopinduliwa, oksijeni huisha katikati, na viumbe visivyohitaji hewa hushika nafasi, ndipo harufu mbaya na methani vinapoanza.

Mambo hayo matatu yakitimia, joto la katikati ya lundo hupanda na kufika nyuzi 55 mpaka 65 za Selsiasi katika muda wa siku chache. Joto hilo, likidumu siku kadhaa na lundo likipinduliwa ili kila sehemu ipate zamu yake katikati, huua vijidudu vingi vya maradhi pamoja na mbegu za magugu. Baada ya miezi mitatu au minne mboji huwa tayari: nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua.

Kwa Tabora liko onyo moja la pekee. Mkoa huu ni wa tumbaku. Virusi vya batobato ya tumbaku ni vigumu sana kufa. Huweza kustahimili joto la lundo na kukaa katika mabaki makavu kwa muda mrefu. Virusi hivyo hushambulia pia nyanya na pilipili, ambazo ni za ukoo mmoja na tumbaku. Kwa hiyo mabua ya tumbaku yasichanganywe katika mboji itakayotumika kwenye bustani za nyanya.

Maarifa haya si mageni

Mtu asidhani kwamba jambo hili limetoka ng'ambo. Mkulima wa Kinyamwezi anapoinua matuta, hufukia nyasi na mabua ya msimu uliopita ndani ya tuta, nayo huoza na kulisha mazao. Vilevile yafahamika kwamba matongo, yaani mahali palipohamwa na watu, hustawisha mimea kuliko ardhi inayopazunguka, kwa sababu ya majivu, samadi na takataka za jikoni zilizokusanyika miaka mingi. Hata kwa vitu visivyooza, mafundi wetu wamekuwa wakigeuza tairi kuukuu kuwa katambuga, na makopo kuwa vibatari. Kinachopungua ni mpango wa mji mzima.

Wajibu wa halmashauri

Historia ya karibuni inaonyesha thamani ya mpango huo. Mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, ulifuta mabaraza ya miji, na huduma za usafi katika miji mingi zikazorota. Ilibidi mabaraza hayo yarudishwe mwaka 1978, kisha Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikaweka msingi wa mamlaka za miji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuhimiza zichambuliwe pale zinapozalishwa.

Kuchambua ndiko kiini cha jambo lote. Huko Uganda, mamlaka ya mazingira ya taifa ilisaidia miji kama Mukono, Jinja na Kasese kujenga viwanda vya mboji. Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni ilishirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani kujenga kiwanda cha namna hiyo Mabwepande, kwa ajili ya taka za masoko. Taka zikifika zikiwa zimechanganyika na vioo, plastiki na betri, mboji huwa ghali kuchekecha na ya hatari kutumia, na mkulima hataki kuinunua. Ni rahisi zaidi kuanzia sokoni, ambako mabaki mengi ni ya mimea mitupu, kuliko kuchambua jaani.

Hapana budi pia mboji ipate pa kwenda. Hapa ndipo bustani za mapumziko na vipande vya kulima vya wananchi vinapoingia. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1908 inayozitaka halmashauri kutoa vipande vya bustani kwa wakazi pale vinapohitajika. Sababu ya kuwapo sheria si ndogo. Manufaa ya mboji katika udongo wa kichanga hudumu misimu kadhaa. Mwananchi asiyejua kama mwakani atakuwa bado hapo hatajisumbua kuitia. Atatia mbolea ya chumvichumvi ya msimu mmoja, au hatatia chochote. Kwa hiyo hati ya miaka mitano ya kipande kidogo cha bustani yaweza kuleta rutuba zaidi kuliko hotuba nyingi. Kadhalika, kiwanja cha wazi kisichopimwa wala kulindwa humezwa na majengo, na mji uliokwisha kupoteza viwanja vyake haupati pengine pa kupanda miti. Nayo miembe ya zamani inazeeka. Kila mti unaoanguka bila mche wa kuurithi ni kivuli kinachoondoka.

Zoezi kwa shule

Walimu wa sayansi wanaweza kuanza bila kungoja. Kwa muda wa siku saba, wanafunzi wapime taka za jiko la shule na kuzigawa katika mafungu manne: zinazooza, plastiki, chuma na vioo, na nyinginezo. Watalinganisha matokeo na makadirio yetu ya hapo juu. Kisha wajenge malundo mawili yenye urefu, upana na kimo cha mita moja; moja la mabaki mabichi matupu, jingine lililochanganywa na majani makavu ya mwembe. Fimbo ya chuma ichomekwe katikati ya kila lundo na kuchomolewa kila asubuhi. Kama hakuna kipimajoto, mkono utaonyesha tofauti. Mwishoni wapande mchicha katika matuta mawili, moja lenye mboji na jingine lisilo nayo, wayamwagilie maji sawasawa, kisha wahesabu siku ambazo kila tuta hukaa na unyevu.

Matokeo hayo yaandikwe vizuri na kupelekwa kwa diwani wa kata pamoja na ombi moja: eneo la kudumu la bustani, lenye mipaka inayojulikana. Kikao cha halmashauri huweza kupuuza malalamiko, lakini ni vigumu zaidi kupuuza vipimo vilivyochukuliwa na watoto wa mji huohuo.