Udongo wa Molo Huenda Wapi Baada ya Mvua?

Mkulima wa Molo, mvua kubwa ikiisha kunyesha, nenda ukautazame mto. Maji yaliyokuwa safi jana leo yana rangi ya udongo. Rangi hiyo ni udongo wa juu wa mashamba, ule wenye rutuba, pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha zako. Yafaa ujue unakwenda wapi, na unafanya nini huko uendako.

Mto Molo huanza katika milima ya Mau, ukapita Rongai na Mogotio, ukaishia Ziwa Baringo. Molo iko kadiri ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Baringo liko karibu mita 1,000. Basi maji huteremka mita 1,500, nayo yana nguvu nyingi ya kubeba. Tena ziwa hilo halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji hupenya chini polepole kupitia nyufa za miamba. Maji hupita, lakini udongo hubaki ziwani.

Udongo ukichafua maji, mwanga wa jua hauingii ndani. Mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo malisho ya samaki, haisitawi gizani. Ziwa Baringo lina aina yake ya tilapia ambayo asili yake ni ziwa hilo peke yake. Samaki huyu huchimba kiota chake kwenye maji machache karibu na ufuko, na tope likishuka hukifukia. Hivyo mvuvi wa Baringo hukosa kitoweo kwa sababu ya mteremko usiokingwa huku juu.

Kuna taabu nyingine. Sufuria ikijaa mchanga, maji kidogo tu huifurikisha. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na mwaka 2020 maji ya Baringo yalifunika nyumba, shule na hoteli za ufukoni. Kamati ya Serikali iliyotoa taarifa yake mwaka 2021 ilihesabu familia zaidi ya 75,000 zilizohamishwa na maji katika kaunti 13. Ilisema sababu kubwa ni wingi wa mvua, na kwamba mmomonyoko wa udongo na mwendo wa ardhi yenyewe pia vina sehemu yake. Katika Ziwa Nakuru, ambalo hupokea Mto Njoro kutoka Mau, migunga mingi ya ufukoni ilikufa ikiwa imesimama majini. Chumvi ya ziwa ilipungua, na chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, kikapungua pia. Wengi wao wakahama.

Kwa nini mvua imebadilika? Moshi wa mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa duniani kote umeongeza joto la hewa. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikija, huja kwa kishindo. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa mashariki, na mvua za Oktoba hadi Desemba zilikuwa kubwa mno.

Maji ya Molo hayafiki baharini, lakini mambo ya pwani ni yale yale. Mto Athi, unaoanza nyanda za juu karibu na Nairobi, huingia baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Wakati wa mvua bahari huko hugeuka nyekundu, na tope hulala juu ya matumbawe, ambayo ni makao ya samaki na yanahitaji mwanga. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa kwa joto la bahari. Yakiwa yamefunikwa na tope, kupona kwake ni kugumu zaidi.

Mkulima mmoja hawezi kuamuru mawingu. Lakini mteremko wa shamba lake uko mikononi mwake. Fanya hivi:

1. Pima shamba. Chukua miti miwili ya urefu sawa, uifunge juu mfano wa herufi A, na uweke mti wa tatu katikati. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu. Uzi ukilala katikati ya ule mti wa tatu, miguu yote miwili iko usawa. Weka alama, kisha endelea mbele.

2. Chimba matuta ya fanya juu kwa kufuata alama hizo. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo utupwe upande wa juu. Panda majani ya nepia juu ya tuta. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe.

3. Matuta ya viazi yakate mteremko. Tuta linaloelekea chini ni mfereji uliouchimbia maji wewe mwenyewe.

4. Usilime hadi ukingoni mwa mto. Acha nyasi na miti ya kienyeji, mita 6 kwa uchache.

5. Usiache ardhi uchi baada ya kuvuna. Tandaza mabua na majani makavu ili matone ya mvua yasiupige udongo.

Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi na Aprili, tena ifanywe na majirani wote wa mteremko mmoja. Ukikinga wewe na jirani wa juu asikinge, maji yake yatavunja matuta yako. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako akuonyeshe kupima. Udongo ukibaki Molo, utakupa viazi. Ukifika Baringo, hauna faida kwako wala kwa mvuvi.