Mgongo Unaopinda Wakati wa Kukua

Tuseme mama mmoja wa Upanga anampima bintiye wa miaka 12 sare mpya ya shule. Sketi yashuka upande mmoja, na bega moja limepanda. "Ni zile ndoo," asema mama, au amkemea mtoto kwa kukaa vibaya. Nami zamani nilifundishwa hivyo hivyo darasani. Sivyo.

Katika ugonjwa huu, uitwao skoliosisi, pingili za uti wa mgongo hupinda kwa ubavu na pia hujisokota kama kamba. Kwa hiyo mtoto akiinama mbele, mbavu za upande mmoja huinuka. Usiuchanganye na kibyongo cha kifua kikuu cha mifupa, kinachochomoza nyuma. Hicho huletwa na vijidudu na kina dawa.

Huwapata vijana kama 2 au 3 katika kila 100. Chanzo chake kamili hakijajulikana, ila hufuata damu ya ukoo: pacha wa kufanana mara nyingi huupata wote wawili. Tena huzidi wakati wa kurefuka upesi. Homoni ya ukuaji hurefusha mifupa, na istrojeni ndiyo hatimaye huifunga isirefuke tena. Basi msichana akichelewa kuvunja ungo, mifupa yake hubaki wazi muda mrefu, na mgongo hupata nafasi ya kuendelea kupinda. Wavulana nao hupinda kidogo, lakini waliopinda sana wengi wao ni wasichana.

Wataalamu waliwahi kuwatoa vifaranga tezi ya ubongoni itoayo melatonini, homoni ya usiku. Wengi wakapinda migongo. Watu wakadhani jibu limepatikana! Lakini tumbili waliofanyiwa vivyo hivyo hawakupinda.

Sasa mwambie mwanao ainame, magoti yamenyooka, umtazame mgongo kwa nyuma. Ukiona upande mmoja umeinuka, mpeleke hospitali. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, iko hapa hapa Upanga. Usingoje amalize kukua, maana mkanda mgumu wa mgongo husaidia mifupa ingali ikirefuka tu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 huko Amerika ya Kaskazini, vijana 72 katika kila 100 waliovaa mkanda hawakufikia digrii 50, kiasi ambacho madaktari hufikiria upasuaji. Wasiovaa walikuwa 48.