Jeshi Lilivyofundishwa Upya

Hapa Chita tumezoea kuwaona vijana wa JKT mashambani, na askari akiwafundisha. Kwani askari ni mwalimu? Ndiyo. Tueleze.

Januari 1964 askari wa jeshi tulilorithi kwa Waingereza waliasi. Walidai mishahara zaidi, na maafisa wa Kiingereza waondoke. Watu wa Dar es Salaam wakawaogopa askari wao wenyewe. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi hilo.

Kazi ya kuunda jeshi jipya akapewa Mrisho Sarakikya, Mmeru aliyesomea uafisa Sandhurst, Uingereza. Alikuwa kijana wa miaka 30 hivi. Askari wapya wengi walitoka JKT, iliyoanzishwa 1963, na Umoja wa Vijana wa TANU. Walifundishwa bunduki. Walifundishwa na siasa pia, wajue wanamlinda nani. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Sarakikya aliliongoza mpaka 1974. Baadaye akawa balozi.

Tunajifunza nini? Bunduki mkononi mwa asiyefundishwa ni hatari kwa jirani. Kwanza mafunzo, halafu silaha.