Je, Wajua? Jengo Lililosimamishwa na Cherehani

Je, wajua kwamba jengo lililokuwa refu kuliko yote duniani mwaka 1908 lilitokana na fedha za cherehani? Lilikuwa makao makuu ya kampuni ya Singer, barabara ya Broadway, New York. Ndiyo Singer hiyohiyo ambayo jina lake linang'aa kwa rangi ya dhahabu kwenye cherehani nyeusi za mafundi wetu wa barazani. Lilifika mita 187. Mwaka uliofuata mnara wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life ukalipita.

Je, wajua kwamba msanifu wa jengo la Singer, Ernest Flagg, aliyalaumu majengo marefu kwa kuwanyima watu jua na hewa mitaani? Ndiyo maana mnara wa Singer akaufanya mwembamba, kama mita 20 kila upande. Mwaka 1916 jiji lilipotunga sheria ya ujenzi, wazo lake lilikuwamo: mnara waweza kupanda upendavyo, mradi usizidi robo ya kiwanja.

Ukiingia ukumbini ulipokewa na nguzo za marumaru. Juu ya nguzo palikuwa na duara za shaba nyeusi, moja ina herufi za kampuni, inayofuata ina sindano, uzi na bobini. Ni nadra sana ushonaji kupewa heshima ya namna hiyo.

Je, wajua kilicholiua? Si moto wala ufa. Ni wembamba uleule. Singer ilipohama mwanzoni mwa miaka ya 1960, wamiliki wapya waliona ghorofa za mnara ni finyu mno kwa wapangaji wakubwa. Tume ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria ilikuwapo tangu 1965, lakini haikuliweka kwenye orodha yake. Lilikuwa kosa kubwa. Ubomoaji ulianza 1967 na kufikia 1969 hapakuwa na kitu. Leo pamesimama One Liberty Plaza, ghorofa 54.

Kwa nusu karne hakuna jengo refu zaidi lililobomolewa kwa hiari ya wenyewe, hadi zamu ya 270 Park Avenue ilipofika mwaka 2019, jijini humohumo.

Cherehani za Singer za enzi hizo bado zinashona. Kama kwenu imebaki moja ya bibi, tafadhali usimpe mnunuzi wa chuma chakavu.