Kwa nini daraja lifunikwe paa?

Katika picha za inchi za Ulaya na Amerika tunaona mara nyingine daraja la miti lililojengwa kama nyumba: lina paa, lina kuta za mbao, na njia inapita ndani yake. Paa hilo ni la nini? Wengine hujibu: Ni la kuwakinga wasafiri na mvua. Wengine husema: Ni la kuzuia theluji isijae njiani. Majibu hayo hayafiki kwenye shina la jambo.

Tuangalie theluji kwanza. Zamani, wakati wa baridi, watu wa Amerika ya Kaskazini walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yenye kuteleza juu ya theluji. Basi iliwapasa kuchota theluji nje na kuitandaza ndani ya daraja, magari yapate kupita. Kwa jambo hilo paa liliwaongezea kazi!

Sababu ya kweli ni hii. Mbao tunazokanyaga darajani zikioza, hubadilishwa upesi. Lakini si hizo zinazobeba mzigo. Mzigo unabebwa na mbavu mbili za miti mikubwa, moja kila upande, zilizoungwa kwa pembe tatu. Mvua huingia penye viungo vyake, maji hukaa humo, na kuvu huula mti ndani kwa ndani. Kwa nje mti huonekana mzima, kumbe umekwisha. Paa na kuta ni kwa ajili ya mbavu hizo.

Fundi Timothy Palmer alijua neno hilo. Mwaka wa 1805 daraja lake kubwa lilimalizika Philadelphia, katika Marekani, juu ya mto Schuylkill. Jaji Richard Peters alitaka lifunikwe, na Palmer akakubali. Alihesabu kwamba likiachwa wazi litaharibika kwa miaka 10 au 12. Likifunikwa vizuri litadumu miaka 30, labda 40.

Ulaya walikuwa wamelijua zamani zaidi. Mjini Luzern, katika Uswisi, daraja la Kapellbrücke lilijengwa katika karne ya 14. Jina lake latoka kwa kanisa dogo la Mtakatifu Petro lililo karibu. Katika karne ya 17 wakatia chini ya paa picha zilizochorwa juu ya mbao za pembe tatu: habari za mji, na maisha ya Watakatifu Leodegar na Mauritius, wasimamizi wake. Mtu aliyekwenda sokoni alifundishwa kwa macho huku akivuka. Katika daraja la pili la mji huo, Spreuerbrücke, picha zinaonyesha Mauti akiwachukua watu wa kila cheo, wakubwa kwa wadogo.

Lakini paa huzuia maji, halizuii moto. Usiku mmoja wa Agosti 1993 Kapellbrücke liliungua, na picha nyingi zikapotea. Wakalijenga tena, likafunguliwa Aprili 1994.

Sisi tunaojenga makanisa na shule vijijini tutwae fundisho. Feza zikiwa kidogo, tusianze kupamba mlango. Tufunike kwanza kile kinachobeba nyumba, hata kama hakuna mgeni atakayekiona.