Blanketi kama ushahidi

Sheria ndogo za mji wa Grants Pass, kusini mwa jimbo la Oregon nchini Marekani, zilieleza maana ya kambi kwa upana wa kushangaza. Kambi ilikuwa ni mahali popote palipowekwa tandiko, mfuko wa kulalia au kitu kingine chochote cha kulalia, au jiko, au moto, kwa nia ya kupafanya makao ya muda. Hema halikuwa sharti. Boksi lililokunjuliwa chini ya mti lilitosha, na blanketi moja lilitosha. Mwanamke mmoja aliandikiwa kosa kwa kujinyoosha juu ya mkeka wa rafiki yake, na siku nyingine kwa kujilaza chini ya turubai ili apate joto.

Kesi ya kuzipinga sheria hizo ilipofika mahakama ya rufaa, mji huo ulishikilia kwamba una haki ya kupiga marufuku matandiko yote, hata yale ya kuzuia baridi tu. Katikati ya mji, juu ya Barabara ya Sita, linaning'inia bango la tangu miaka ya 1920 linaloisifu hali ya hewa ya Grants Pass. Januari, usiku, hali hiyo ya hewa hukaribia kuganda.

Grants Pass haikuwa peke yake katika kuliogopa blanketi. Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, ulitunga sheria yake ya kukataza kambi mwaka 2012. Orodha ya vitu vilivyohesabiwa kuwa malazi inaanzia kwenye hema na turubai, inapita kwenye mfuko wa kulalia na blanketi, kisha inafunga mlango kabisa: chochote kinachomfunika au kumkinga mtu na hali ya hewa, isipokuwa nguo. Hapo ndipo penye fumbo. Koti likiwa mwilini ni nguo. Likivuliwa na kufunikwa miguuni, limekuwa nini? Mwanamke wa Tanga au Lamu, ambaye kanga moja humtosha kuwa vazi mchana na shuka usiku, angeweza kuvunja sheria ya Denver kwa kuifungua tu kiunoni na kujitupia mabegani. Mwishoni mwa 2016 video za polisi wakikusanya mablanketi ya watu waliolala nje kwenye baridi zilisambaa, na Meya Michael Hancock akawaamuru waache kuchukua mahema na mablanketi mpaka miezi ya baridi ipite. Sheria yenyewe ilibaki.

Adhabu za Grants Pass zilipanda kama ngazi. Faini ya kosa moja ilikuwa dola 295. Isipolipwa ilifika dola 537.60, senti zikiwa zimehesabiwa kwa uangalifu wa muuza duka. Aliyeandikiwa makosa mawili ndani ya mwaka mmoja aliweza kupigwa marufuku kukanyaga bustani za mji kwa siku 30. Akirudi ndani ya siku hizo, kosa lake lilikuwa jinai ya kuingia mahali bila ruhusa: jela hadi siku 30 na faini hadi dola 1,250. Wanaotozwa ni watu wasio na anwani ya kupelekewa bili. Mmoja wa waliofungua kesi alifikia kudaiwa zaidi ya dola 5,000, naye alifariki kabla kesi haijaisha.

Mahali pengine pa kulala palikuwa kituo kimoja cha kidini, na masharti yake hayakuwa mepesi: kufanya kazi, kuhudhuria ibada, kutovuta sigara. Yule mwanamke wa mkeka hakuweza kukaa hapo, kwa sababu kifaa anachokitumia usiku kucha ili apumue vizuri hakikuruhusiwa chumbani.

Shabaha ya faini hizo haikufichwa. Mwaka 2013 viongozi wa mji walikutana kujadili watu waliolala nje, na rais wa baraza la madiwani akasema waziwazi kwamba jambo la kufanya ni kuwakosesha raha kiasi cha kutosha, ili watake wenyewe kushika njia na kwenda mbele. Katika mazungumzo hayohayo ilitajwa habari ya mtu aliyekatiwa tiketi ya basi aondoke. Huko alikopelekwa walimrudisha, pamoja na ombi kwamba asitumwe tena.

Hoja zilisikilizwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 22 Aprili 2024, na aliyelishika blanketi mkononi na kukataa kuliachia alikuwa Jaji Sonia Sotomayor. Ni mzaliwa wa Bronx, New York, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka Manhattan na kisha hakimu wa kesi za mwanzo kabla ya kupanda hadi mahakama hiyo mwaka 2009. Anajua polisi wanavyoandika kosa na wanavyochagua wa kumwandikia. Alimkumbusha wakili wa mji ushahidi wa maofisa wake mwenyewe. Mtu akitoka na blanketi usiku kutazama nyota, usingizi ukamchukua, hakamatwi. Mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi hakamatwi. Hakamatwi pia anayelala ufukweni, jambo ambalo, alisema, hata yeye humtokea akikaa huko muda mrefu. Anayekamatwa ni asiye na nyumba. Naibu mkuu wa polisi wa mji huo alikuwa ameshakiri kwamba hamjui mtu yeyote mwenye makazi aliyewahi kuandikiwa kosa la kupiga kambi.

Mfano wa ufukweni unaeleweka bila maelezo kwa yeyote aliyekulia pwani. Usiku wa kaskazi, chumba kikiwa kama tanuri, watu hutandika mkeka barazani na kulala hadi alfajiri. Hakuna mgambo anayewaamsha, kwa kuwa nyuma ya baraza kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna chumba. Mkeka ni uleule.

Sotomayor hakuishia hapo. Kila mji, kila kijiji na kila kitongoji kikikosa huruma na kutunga sheria kama hii, aliuliza, watu hawa wawekwe wapi? Walale wapi? Au wajiue kwa kukaa macho? Wakili wa mji hakuwa na jibu la kutosheleza. Katika maoni yake ya kupinga, aliyoyasoma kwa sauti mahakamani tarehe 28 Juni 2024, jaji huyo alianzia kwenye mwili: usingizi ni hitaji la kimaumbile, si jinai. Msingi wake wa kisheria ulikuwa kesi ya Robinson dhidi ya California ya mwaka 1962, iliyokataza kumwadhibu mtu kwa hali aliyo nayo. Wakati huo mahakama ilisema kwamba hata siku moja tu jela ni adhabu ya kikatili ikiwa kosa ni kuugua mafua. Kukosa nyumba, kwa Sotomayor, ni hali, na kumwadhibu asiye na nyumba kwa kulala ni kumwadhibu kwa hali hiyo. Alikiri kwamba mji unaweza kudhibiti moto, takataka, ukubwa wa mahema, saa na mahali pa kulala. Alichokataa ni marufuku ya kila mahali na kila saa, kwa mtu asiye na pengine pa kwenda. Alieleza pia yanayofuata baada ya faini: deni lisilolipika, rekodi ya jinai inayomfungia mtu kazi na chumba cha kupanga, vitambulisho na dawa vinavyopotea kila watu wanapofurushwa.

Majaji watatu, yeye akiwa mmojawapo, hawakutosha. Kwa kura 6 dhidi ya 3, maoni ya wengi yakiandikwa na Jaji Neil Gorsuch, mahakama iliamua kwamba sheria za Grants Pass hazivunji Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Marekebisho hayo, alisema Gorsuch, yanahusu aina ya adhabu anayopewa aliyekwisha kutiwa hatiani; hayasemi ni tendo gani lisifanywe kosa. Tena sheria hizo hazibagui. Zinamgusa asiye na makazi, mtalii wa mkoba mgongoni aliye likizoni, na mwanafunzi anayehama bweni akapige hema la maandamano mbele ya jengo la mji. Kwenye karatasi ni kweli. Katika daftari la polisi mtalii huyo hakuwahi kuonekana.

Haifai hata hivyo kuusoma uamuzi huo kama ushindi wa wahafidhina peke yao. Miji mingi inayoongozwa na Wademokrati ilikuwa imeiomba mahakama iingilie kati, na Gavana Gavin Newsom wa California alikuwa miongoni mwa waombaji. Mwezi mmoja baada ya hukumu aliagiza idara za jimbo lake ziondoe kambi kwenye ardhi ya serikali. Florida, yenye siasa za upande wa pili, ilikuwa imeshapitisha sheria ya kukataza kulala hadharani, iliyoanza kutumika Oktoba 2024. Vyama ambavyo havikubaliani kuhusu karibu kila jambo vilikutana kwenye blanketi.

Vilikutana hapo kwa sababu wapiga kura walikuwa wametangulia kufika. Mei 2019 wakazi wa Denver waliulizwa kwenye sanduku la kura kama watu waruhusiwe kupumzika na kujisitiri katika maeneo ya umma. Zaidi ya asilimia 80 walikataa. Novemba 2020 wakazi wa Denver hiyohiyo waliulizwa kama wako tayari kuongeza robo senti ya kodi kwenye kila dola ya manunuzi ili kuwasaidia wasio na makazi, na karibu theluthi mbili walikubali. Austin, Texas, mji unaojiona kuwa wa kiliberali kuliko jimbo lake, ulilegeza marufuku ya kambi mwaka 2019. Mei 2021 wapiga kura wakairudisha.

Wasomi wa siasa Scott Clifford na Spencer Piston walilichunguza fumbo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Kwa nini watu walewale wanaunga mkono misaada, na wakati huohuo wanaunga mkono marufuku za kulala nje ambazo zinaifanya misaada hiyo isifanye kazi? Jibu lao ni kinyaa. Watu wepesi wa kuona kinyaa walielekea zaidi kutaka wasio na makazi waondolewe machoni, lakini hawakuwa wagumu zaidi wa kutoa msaada. Habari zinazowaonyesha watu hao kuwa wachafu au wenye maradhi ziliongeza hamu ya kuwafukuza. Kinyaa, tofauti na chuki, hakimtakii mtu mabaya. Kinamtaka awe mbali. Mtu anaweza kuwa na huruma ya kweli na bado akavuka barabara, na hakuna anayeijua hali hiyo ndani ya nafsi yake atakayedai kwamba ni ya Wamarekani tu.

Waingereza walikuwa na sheria ya namna hii tangu 1824, ya kuwaadhibu wazururaji, iliyotungwa wakati mashujaa wa vita dhidi ya Napoleon wakiombaomba barabarani. Ilisafiri na dola yao. Kanuni za adhabu za Afrika Mashariki zilirithi makosa ya uzembe na uzururaji, na Tanzania huru, kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, ikawasomba wakazi wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi na kuwapeleka vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika na kwamba nchi ziziondoe au zizirekebishe. Maoni ya ushauri hayamfungi mtu. Huko Uingereza Bunge liliidhinisha kuifuta sheria ya 1824 mwaka 2022, lakini ufutaji haukuanza kutekelezwa, na Juni 2025 serikali ilikuwa bado inaahidi kuukamilisha mwaka unaofuata.

Hesabu ya serikali ya Marekani ya Januari 2024 iliwapata watu 771,480 wasio na makazi, na zaidi ya theluthi yao walilala nje kabisa. Katika Grants Pass walikadiriwa kuwa 600 hivi. Baada ya ushindi wake mji ulitenga viwanja viwili vya kuweka mahema, kisha Januari 2025 ukafunga kile kikubwa, na kingine kikaruhusiwa kutumika usiku tu. Shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu likarudi mahakamani, safari hii kwa sheria ya jimbo: Oregon ilikuwa imeagiza mwaka 2021 kwamba kanuni za miji kuhusu kulala nje ziwe za busara. Agosti 2025 pande mbili zilipatana. Mji ulikubali kutoa nafasi 150 za kuweka mahema, kwa miezi 12. Wanaozidi nafasi hizo, na wote miezi hiyo ikishapita, walale wapi? Hilo ndilo swali alilouliza Sotomayor Aprili 2024.