Kumsamehe Aliyebaki

Kina mama wachache wa mtaa wetu hapa Eldoret hukutana kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri kusoma kitabu. Wengi wetu tulizaliwa pwani, tukaletwa bara na ndoa au biashara. Mwezi uliopita wote tulikuwa na kitabu cha Mzee Jomo Kenyatta kiitwacho Suffering Without Bitterness, kilichotolewa Nairobi mwaka 1968. Maana ya jina hilo ni kuteseka bila kuweka kinyongo. Kimeandikwa kwa Kiingereza, basi mmoja husoma na mwingine hufasiri, na kahawa hupoa kabla ukurasa haujaisha.

Si kitabu chepesi. Sehemu kubwa ni hotuba, na mara nyingi mwenye kitabu hutajwa kana kwamba anasimuliwa na mtu mwingine. Hotuba kadhaa tuliziruka, Mwenyezi Mungu atusamehe. Lakini habari za kukamatwa kwake zilitushika, kwa kuwa mahali penyewe si mbali nasi. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 alichukuliwa nyumbani kwake Gatundu. Yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng' Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba, wakashtakiwa Kapenguria, mji ulio mbele ya Kitale, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Vyumba walimofungiwa vimehifadhiwa hadi leo kuwa makumbusho. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi aliotoa ulikuwa wa uongo. Kiapo hicho kikamtia yeye mwenyewe gerezani, na Mzee hakuachiwa. Alipelekwa Lokitaung, kisha Lodwar, kisha Maralal, akapata uhuru wake Agosti 1961 akiwa amepita umri wa miaka sitini.

Ndipo tukafika Nakuru. Tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, Mzee alisimama mbele ya mamia ya walowezi wa Kizungu waliokuwa na hofu kwamba sasa ni zamu yao ya kuadhibiwa. Aliwaambia kwamba kama amewakosea wamsamehe, naye anawasamehe. Akawaomba wabaki walime mashamba yao. Mmoja wetu aliyekuwa akifasiri alinyamaza hapo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ni jambo kubwa, tusilipunguze. Mtu aliyepokonywa miaka tisa ya uzee wake anawaambia waliofurahia kifungo chake wakae kwa amani.

Hata hivyo, walowezi wengi wa huku kwetu hawakukaa. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya Makaburu, wale walioshuka bandarini Mombasa mwaka 1908, wakapanda gari moshi hadi Nakuru, kisha wakaja na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji wenyewe uliota kwenye shamba nambari 64, na wazee hapa bado huuita Sisibo kwa sababu hiyo. Uhuru ulipokaribia, wengi wao waliuza na kurudi Afrika Kusini.

Bibi mmoja katika kikundi chetu, ambaye hasomi Kiingereza lakini hapitwi na neno, aliuliza: "Na wale watano waliofungwa naye, aliishi nao vipi?"

Swali hilo lilituharibia furaha ya Nakuru. Kaggia alitaka wasio na ardhi wagawiwe bila malipo, akatengana na Mzee, na mwaka 1968, mwaka uleule wa kitabu hiki, alitiwa gerezani kwa kufanya mkutano usio na kibali. Oneko aliwekwa kizuizini mwaka 1969, akatoka 1975. Serikali iliyowafunga ilikuwa ya mwenzao wa Kapenguria.

"Mwanangu," bibi akaniambia, "kumsamehe anayefunga mizigo si kazi. Kazi ni yule utakayekutana naye kesho kwenye bomba la maji."

Mimi naona bibi amekisoma kitabu kuliko sisi sote. Msamaha wa Nakuru ulikuwa wa kweli, lakini ulielekezwa kwa watu ambao Mzee hakulazimika kugombana nao tena. Kinyongo kilibaki kwa walio karibu, na kwa ardhi ambayo ilinunuliwa kwa mikopo na hisa na watu wa kabila hili na lile, wakawa majirani bila kuulizana yaliyotangulia. Eldoret tunajua mwisho wake. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa moto, na ndani yake walikuwa kina mama na watoto. Nchini kote waliuawa zaidi ya watu 1,100. Uwanja wa maonyesho wa mji huu ulijaa mahema.

Katika Sura Yusuf, Nabii Yusuf, alayhis-salaam, hakuwasamehe ndugu zake kwa kuwapa chakula na kuwaaga. Aliwaita waje Misri na jamaa zao wote, waishi naye. Nimesikia sura hiyo tangu chuoni nikiwa mtoto, na jambo hili sikuwahi kulitazama.

Nalitaja kwa sababu nina langu. Januari ile tulipokimbilia Mombasa, nilimwachia jirani yangu cherehani niliyoinunua kwa fedha za mchezo wa miaka miwili. Niliporudi Machi aliniambia imeibwa. Miezi michache baadaye niliiona kwa fundi mmoja sokoni, na alama yake ya rangi ubavuni, akanieleza aliinunua kwa nani. Sikumwambia jirani neno. Nilijiona nimesamehe, kumbe nilikuwa nimenyamaza tu. Tangu siku hiyo salamu zetu huishia mlangoni, na sahani ya Idi huipeleka mtoto.

Jumatano iliyopita binti wa jirani huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, alibisha hodi akaomba kitabu cha Mzee kwa ajili ya somo lake. Nilisimama nacho mkononi kwa muda kuliko inavyostahili. Kisha nikampa, nikamwambia akimaliza mama yake akilete mwenyewe, tunywe chai.

Hadi naandika haya, hakijarudi.